MAJI YA KIFUU NI BAHARI YA CHUNGU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama juu ya hali ya vijana wetu walioko vyuo vikuu. Tunaichapa yote kwa ajili ya matawi ambayo hayakuweza kuleta wajumbe.)



Tumepewa wasaa wa kusema mbele yenu, na tumeona hapana jambo bora la kulisema katika wasaa huu kuliko jambo la watoto wetu walioko vyuo vikuu, khasa watoto wa wakulima wa karafuu, wa wavuvi, wa akina mama wa mwani, wa wachukuzi wa bandarini, na wa wajane wanaouza maandazi barazani pa nyumba zao. Hawa ndio tunaowakusudia. Mtoto wa tajiri ana baba yake. Mtoto wa masikini ana sisi, nasi tusipokuwa kitu kwake, hana mtu.

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, vigelegele hupigwa katika vijiji vyetu, na kijana aliyefaulu huombewa dua, hufungiwa mkoba wake, na husindikizwa hadi gatini. Jambo hilo ni jema na ni la fahari. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, ni wangapi miongoni mwetu wanaouliza kijana yule amefikia wapi? Mara huonekana amerudi kijijini katikati ya muhula, na akiulizwa hujibu kwamba ameahirisha masomo. Neno "kuahirisha" ni neno la adabu. Maana yake halisi, aghalabu, ni kwamba ameshindwa kulipa na ameona haya kusema.

Basi neno letu la leo ni moja. Kumfikisha kijana wa kimasikini kwenye mlango wa chuo kikuu si kumfikisha mwisho wa masomo yake. Na kinachomwangusha baina ya mlango na mwisho, mara nyingi si jambo kubwa la kutisha, bali ni mambo madogo madogo ambayo mwenye nacho hata hayaoni. Wahenga wetu walikwisha kuyasema hayo kwa maneno machache: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wewe uliye mrefu waruka kifuu bila ya kutazama chini. Mdudu chungu huzama humo akafa.

TULIKOTOKA

Yafaa kwanza tukumbushane tulikotoka, ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba elimu ya juu ilikuwa yetu tangu zamani. Chuo cha Makerere kiliasisiwa mwaka 1922, na kwa miaka mingi kijana wa visiwa hivi aliyetaka elimu ya juu katika Afrika Mashariki alilazimika kuvuka bahari na nchi kavu hadi Uganda. Waliobahatika kufanya safari hiyo walihesabika kwa vidole, na mtoto wa mkulima katika hesabu hiyo alikuwa nadra. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, wakati huo kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilianza na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Tarehe 23 Septemba 1964 Zanzibar ilitangaziwa elimu bila ya malipo, na milango ya skuli ikawa wazi kwa watoto ambao baba zao hawakupata kuingia ndani yake.

Hata hivyo visiwa vyetu havikuwa na chuo kikuu chake hadi mwaka 1998, vilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu na chuo cha elimu cha Chukwani, vyote viwili vya binafsi. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho wengi hukiita SUZA.

Kwa upande wa fedha, enzi ambayo Serikali ya Muungano ilimgharamia mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kila kitu ilianza kufikia ukingoni mwaka 1992, ulipoingizwa utaratibu wa kuchangia gharama. Kisha ikatungwa Sheria namba 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Hapa Zanzibar, Sheria namba 3 ya mwaka 2011 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar.

Hatuyabezi hayo. Mwenye insafu husema kweli hata kwa yule asiyekubaliana naye, na kweli ni kwamba wako vijana wetu wengi, wakiwemo watoto wa wanachama walioketi hapa, waliosoma kwa mikopo hiyo na leo ni walimu, wauguzi na wahandisi. Bila ya mikopo wasingelisoma. Tunachosema ni kwamba mkopo ni daraja ambalo halifiki ng'ambo zote mbili. Linaanza mbele kidogo ya pale anaposimama masikini, na linakoma nyuma kidogo ya pale anapotaka kufika. Mapengo hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyazungumza.

CHUNGU HUZAMA WAPI

Pengo la kwanza ni la makaratasi. Anayeomba mkopo hutakiwa alete cheti cha kuzaliwa. Akiwa yatima, hutakiwa cheti cha kifo cha mzazi, na vyeti hivyo sharti vihakikiwe na wakala wa usajili. Hutakiwa mdhamini. Hutakiwa muhuri wa shehia. Maombi yenyewe hujazwa kwa njia ya mtandao, na yana siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Kwa mtoto wa karani wa mjini, mambo haya ni kazi ya siku mbili. Kwa yatima wa kijiji cha mbali, ambaye baba yake alizama baharini na hapana mtu aliyekwenda kuandikisha kifo hicho, mambo haya ni miezi. Huenda mjini mara ya kwanza akaambiwa arudi na barua. Hurudi na barua akaambiwa jina la baba katika cheti halilingani na jina lililo katika cheti cha skuli. Na siku ya kufungwa maombi humkuta angali njiani. Tazameni ajabu ya jambo hili: yule aliye muhitaji zaidi ndiye anayetakiwa kuthibitisha zaidi, naye ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuthibitisha.

Pengo la pili ni la wakati. Ada haingoji msimu. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hujaa matawini, mwaka wa pili hutoa vikonyo vya kuhesabika. Mvuvi hana mshahara wa mwisho wa mwezi, na mwani hutegemea maji, jua na bei ya mnunuzi. Chuo nacho kina kalenda yake. Fedha za mkopo nazo zikichelewa wiki kadhaa, mtoto wa tajiri hupiga simu nyumbani. Mtoto wa masikini hupiga simu kwa nani? Tena yako makundi ya vijana waliopewa mkopo wa sehemu tu, kwa kuwa mkopo hugawiwa kwa kupima uhitaji, na sehemu iliyobakia hutarajiwa itoke kwa mzazi ambaye hana.

Pengo la tatu ni la masurufu ya kila siku. Vyuo vyetu vikubwa viko Unguja, na vingi viko nje ya mji. Kijana wa Pemba huvuka kwa boti, kisha hutafuta chumba cha kupanga ikiwa dahalia imejaa, kisha hupanda daladala kwenda na kurudi kila siku. Hebu na tufanye hesabu kwa mfano. Tukisema nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000 kwa siku, kwa siku 5 za wiki, kwa wiki 15 za muhula, zitakuwa shilingi 150,000. Kwa watu wengine fedha hizo ni karamu ya jioni moja. Kwa mwanafunzi ni muhula mzima wa kuhudhuria darasani au kutohudhuria. Kijana asiye na nauli huanza kukosa somo la asubuhi, kisha somo la Jumatatu, kisha jaribio, na mwisho wake husemwa kwamba hakuwa na akili ya chuo kikuu. Akili alikuwa nayo. Alichokosa ni nauli.

Kwa upande wa wasichana, jambo hili lina uzito wake mwingine. Mzazi hukubali binti yake avuke bahari endapo ana hakika atalala mahali pa heshima. Mahali hapo pasipopatikana, mzazi husema "ngoja mwakani", na mwakani ikifika binti huwa ameposwa. Hatumlaumu mzazi. Twasema tu kwamba kitanda kimoja katika nyumba ya watu wenye staha chaweza kuwa ndicho kilichosimama baina ya binti yule na shahada yake.

Pengo la nne ni la deni dogo mwishoni. Vyuo vingi vina kanuni kwamba asiyekamilisha ada haruhusiwi kufanya mtihani, au hapewi cheti chake. Kijana aweza kuwa amelipa sehemu kumi na moja katika kumi na mbili, akazuiliwa kwa ile moja iliyobakia. Hapo hupoteza muhula wake, tena huwapotezea wazazi, nchi na bodi iliyomkopesha fedha zote zilizokwisha kutumika juu yake. Ni mfano wa mtu aliyejenga nyumba hadi linta, akaiacha inyeshewe kwa kukosa makuti ya paa.

Na pengo la tano, ambalo halinunuliwi kwa fedha, ni la kukosa mtu wa kumwuliza. Mtoto ambaye baba yake amesoma chuo kikuu hujua mambo ambayo hayakuandikwa popote: namna ya kumwendea mhadhiri, namna ya kubadilisha somo, namna ya kukata rufaa anapopewa mkopo mdogo. Mtoto wa kwanza katika ukoo kufika huko hajui hata kwamba rufaa ipo. Bodi ya mikopo hufungua dirisha la rufaa baada ya kutangaza mgawo, na wako vijana wanaoliacha dirisha hilo likafungwa kwa sababu hapana aliyewaambia. Huona kukosa kwake ni qadari, kumbe ni khati moja tu iliyopungua.

WENZETU WALIFANYAJE

Ndugu zetu, haya si ya visiwani petu peke yetu, na wala hatuko peke yetu katika kuyatafutia dawa. Tutaleta mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa jirani.

Katika mji wa New York, nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Jiji hilo kina matawi ya miaka miwili ambayo husomwa zaidi na watoto wa watu wa kipato cha chini. Wengi wao waliingia, na wengi wao hawakumaliza. Mwaka 2007 ukaanzishwa mpango mpya. Mwanafunzi alifutiwa ada iliyobakia baada ya msaada mwingine, akapewa tikiti ya usafiri wa mjini na vitabu bila ya malipo, na akawekewa mshauri ambaye hakuwa na watu mia sita au zaidi wa kuwatazama, kama ilivyo kawaida huko, bali watu wachache ambao aliweza kuwajua kwa majina. Naye mwanafunzi alitakiwa asome muda wote na amwone mshauri wake mara kwa mara.

Wataalamu wakaupima mpango ule kwa uadilifu. Waliwachukua wanafunzi wa hali moja, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakaingia katika mpango na nusu wakaendelea kwa utaratibu wa zamani. Baada ya miaka mitatu, katika kila wanafunzi 100 wa utaratibu wa zamani walimaliza 22. Katika kila 100 wa mpango mpya walimaliza 40. Mpango huo ulipopelekwa katika vyuo vitatu vya jimbo la Ohio, hesabu ilikuwa 19 kwa 35. Na ingawa kila mwanafunzi aligharimu zaidi, gharama kwa kila aliyemaliza ilikuwa ndogo zaidi, kwa sababu fedha hazikumwagika njiani. Zingatieni kilichotolewa hapo: tikiti ya gari, kitabu, na mtu wa kumwuliza. Kijana hakupewa akili nyingine. Aliondolewa kifuu cha maji mbele ya miguu yake.

Mfano wa jirani ni wa Kenya. Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, ndege iliyochukua wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda New York. Katika miaka michache iliyofuata, mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walipata elimu kwa njia hiyo. Mmoja wao, aliyekwenda mwaka 1960, ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Watu huikumbuka ndege na huwakumbuka wakubwa waliotoa fedha za ndege. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya vijana wale walikuwako jamaa, majirani na wanakijiji waliochangishana, huyu shilingi na yule shilingi, ili mtoto wao asifike ugenini mikono mitupu. Vyuo vya Marekani vilitoa nafasi, wafadhili wakatoa nauli, na kijiji kikatoa masurufu. Kila mmoja alibeba sehemu aliyoiweza, na mzigo ukafika.

HAKI SI FADHILA

Sasa atasimama mtu aseme: "Kazi hii ni ya Serikali. Sisi twalipa kodi. Kwa nini tubebeshwe tena?" Neno hilo lina haki yake, nasi hatutaki mtu atoke hapa akidhani kwamba sanduku la tawi litachukua mahali pa wajibu wa Serikali. Elimu ya mtoto masikini ni haki, na haki hudaiwa kwa mwenye dhamana.

Nchini Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1962 ilizitaka halmashauri za serikali za mitaa kumlipia mwanafunzi aliyestahiki ruzuku ya masomo. Halmashauri haikuwa na hiari ya kumtazama usoni na kuamua. Hiyo ndiyo maana ya haki. Lakini mwaka 1998 bunge la nchi hiyohiyo likarudisha ada kwa wanafunzi, na baadaye ada zikapanda hadi pauni 9,000 kwa mwaka huko England. Funzo letu hapo ni mawili. Haki iliyoandikwa ni bora kuliko hisani isiyoandikwa. Na haki iliyoandikwa, ikikosa walinzi, hufutwa kwa kalamu ileile iliyoiandika.

Hata hapa kwetu tumeona kwamba kanuni si mlima usiohama. Aliyekopa kwa bodi ya Muungano, akipata ajira, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Juu ya deni lenyewe palikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha, ikawa mtu hulipa na deni halipungui. Watu walilalamika kwa miaka, na mwaka 2021 tozo hiyo ikafutwa. Waliosema waliambulia kitu. Lau wangelinyamaza ingelikuwako hadi leo.

Basi tudai kwa adabu na kwa hoja. Fedha za masurufu ziwafikie wanafunzi kabla ya muhula kuanza, si baada ya njaa. Vigezo vya kugawa mikopo vitangazwe kwa lugha ambayo mzazi wa kijijini ataifahamu. Yatima na mlemavu wasizungushwe kutafuta khati ambazo ofisi moja yaweza kuziuliza kwa ofisi nyingine. Na asizuiliwe mtihani kijana ambaye deni lake ni la fedha zilizochelewa kutoka kwa aliyeahidi kuzitoa.

KAZI ILIYO MIKONONI MWETU

Pamoja na kudai, iko kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Tunayaleta mbele yenu mambo matano, nayo yote yamo ndani ya uwezo wa tawi la kawaida.

La kwanza, kila tawi liwe na daftari la vijana wa kidato cha tano na cha sita wa eneo lake, na wateuliwe watu wawili wa kuwasaidia kukusanya khati zao mapema, mwaka mzima kabla ya maombi kufunguliwa. Cheti cha kifo kitafutwe sasa. Jina lililokosewa lisahihishwe sasa. Kazi hii haina gharama ila miguu na subira.

La pili, tuwe na sanduku la masurufu ya dharura. Tawi lenye watu 200, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka hukusanya shilingi 2,400,000. Kwa mfano wa nauli tuliouhesabu, fedha hizo huwasafirisha wanafunzi wanane kwenda na kurudi chuoni mwaka mzima wa mihula miwili. Au huwafungulia kadhaa mlango wa mtihani uliofungwa kwa deni dogo. Sanduku liwe mikononi mwa watu watatu, mmoja wao mwanamke, na hesabu yake isomwe hadharani kila mwezi, senti kwa senti. Fedha ya umma isiyosomwa hesabu huwa fitina.

La tatu, tufungue nyumba zetu. Wanachama wa Unguja wenye chumba wampokee kijana wa Pemba, na walioko Dar es Salaam wampokee kijana wa visiwani. Mababu zetu hawakumwacha mgeni alale gatini. Sembuse mtoto wetu mwenye kitabu mkononi.

La nne, kila mwanafunzi mpya apewe mwenyeji, yaani mwanafunzi wa miaka ya mbele au mhitimu, atakayemwonyesha njia, atakayempa vitabu alivyovimaliza, na atakayempigia simu kila wiki kumwuliza neno moja tu: "Umekula? Umehudhuria?" Vijana wetu wahitimu, jambo hili tunawaambia nyinyi. Mlivukishwa, vukisheni.

Na la tano, ndugu zetu, ndilo zito kuliko yote, nasi twaomba mlisikilize kwa makini. Kijana akija mbele ya sanduku hili, asiulizwe kadi. Asiulizwe baba yake alikuwa upande gani, wala ukoo wake ulitoka wapi. Tumekuwa tukisema katika kila jukwaa kwamba haki ya raia haigawiwi kwa kadi ya chama. Ikiwa neno hilo ni la kweli tunapodai kwa wengine, basi ni la kweli pia tunapogawa cha kwetu. Kijana wa jirani ambaye baba yake hututupia maneno njiani, ikiwa ni masikini na amefaulu, jina lake na liandikwe katika daftari kwa wino uleule. Wako watakaotucheka, na wako watakaotuuliza tunapata faida gani. Faida yetu ni kwamba siku moja hospitali zetu zitakuwa na daktari aliyetoka katika kijiji chetu, na mgonjwa atakapolala mbele yake, daktari huyo hatamwuliza kadi, kwa kuwa yeye hakuulizwa.

Wako pia wanaosema kwamba si kila mtoto lazima afike chuo kikuu, na kwamba nchi yahitaji mafundi. Ni kweli, na fundi hodari ni bora kuliko msomi mvivu. Lakini na iwe hivyo kwa wote. Asiwe mtoto wa tajiri huchagua baina ya ufundi na shahada, na mtoto wa masikini huchaguliwa na umasikini wake.

Tunamaliza kwa kuwaomba jambo jepesi. Kabla ya kutoka katika ukumbi huu, kila mjumbe aandike jina la kijana mmoja wa eneo lake aliyeko chuo kikuu au aliyeahirisha masomo, na aandike ni kitu gani kimemkwamisha. Asiandike "umasikini", maana hilo twalijua. Aandike nauli, au cheti, au chumba, au deni la kiasi gani. Tukishakuwa na orodha hiyo mikononi, tutaona kwamba bahari tuliyokuwa tukiiogopa, kwa sehemu kubwa, ni vifuu vilivyotawanyika njiani, na kifuu mtu hukiokota kwa mkono mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nia safi na mkono usiochoka. Wabillahi tawfiq.